Njia ya chumvi: kutoka Sabarmati hadi Dandi

Jumapili, Ahmedabad

Nyumba aliyoishi Gandhi hapa Sabarmati inaitwa Hriday Kunj. Ni ndogo kuliko nyumba nyingi za mitaani kwetu Mombasa: baraza, vyumba vichache, godoro la chini, kidawati cha kuandikia ukiwa umeketi sakafuni, na gurudumu la kusokotea uzi. Viatu unaviacha nje. Mto uko hapo hapo, na ng'ambo yake maghorofa yamejipanga.

Tarehe 12 Machi 1930, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mzee huyu wa miaka 60 alitoka hapa na fimbo mkononi, na wafuasi 78 nyuma yake. Walielekea kusini, kwenda kuokota chumvi ufukweni Dandi, mwendo wa kilomita 385 hivi. Aliapa kwamba hatarudi kuishi hapa mpaka India iwe huru, na kweli hakurudi. Mimi nimekuja kuifuata njia hiyo, zaidi kwa basi na tuktuk kuliko kwa miguu. Jua la Gujarat si la mchezo.

Sheria ya chumvi ya 1882 iliifanya serikali ya Mwingereza kuwa ndiyo mwenye chumvi. Mtu wa pwani akikwangua chumvi iliyojikausha yenyewe karibu na mlango wake, amevunja sheria. Gandhi alipiga hesabu ya maund moja, mzigo wa kilo 37 hivi. Bei yake kiwandani ilikuwa pai 10 (pai ndiyo iliyokuwa sarafu ndogo kabisa), na kodi juu yake pai 240. Kodi hiyo ilimkuta tajiri na maskini, Mhindu na Mwislamu, na mwenye ng'ombe zaidi, maana ng'ombe naye analamba chumvi.

Hata hivyo wenzake wa chama cha Congress walipigwa na butwaa. Tarehe 26 Januari mwaka huo watu walikuwa wamekula kiapo cha uhuru kamili nchi nzima, na sasa mzee anawaletea habari za jikoni! Makamu wa Mfalme, Lord Irwin, aliyeitawala India kwa niaba ya Uingereza, aliandika kwamba kwa wakati huo mambo ya chumvi hayamnyimi usingizi.

Kabla ya kuondoka, tarehe 2 Machi, Gandhi alimwandikia Irwin barua, akaipeleka kwa mkono wa kijana wa Kiingereza, Reginald Reynolds, makusudi, ili ionekane ugomvi si wa rangi. Humo alimkumbusha bwana mkubwa kwamba mshahara wake ni zaidi ya rupia 21,000 kwa mwezi, ilhali kipato cha Mhindi wa kawaida hakifiki ana 2 kwa siku, na ana 16 ndizo rupia moja. Yaani Makamu analipwa zaidi ya mara elfu tano ya raia anayemtawala. Waziri Mkuu wa Uingereza kwao analipwa mara tisini tu ya raia wake. Barua ile naiona kali kuliko hotuba zake zote za njiani. Alijibiwa mistari michache, na katibu.

Jumatatu, Aslali na Nadiad

Aslali ndipo walipolala usiku wa kwanza. Leo ni maghala na malori, usipoambiwa utapita. Nimeshuka, nimekunywa chai ya tangawizi kwenye kikombe kidogo, nimetembea mpaka nguo zikaloa jasho, kisha nikadandia basi.

Ila hotuba ya Aslali inafaa ikumbukwe. Gandhi hakuwaambia wanakijiji mambo ya Bunge wala katiba. Alichukua idadi yao, watu 1,700, akachukua na ng'ombe wao, akawapigia hesabu ya chumvi wanayotumia kwa mwaka na kodi inayowatoka. Idadi hizo alizitoa wapi? Kulikuwa na kikosi cha wanafunzi wa chuo cha Gujarat Vidyapith, kikiitwa Arun Tukdi, kilichotangulia kijiji baada ya kijiji. Waliuliza: wanaume wangapi, wanawake wangapi, Wahindu na Waislamu wangapi, ng'ombe, magurudumu ya uzi, nani mkuu wa kijiji. Mzee akifika jioni, karatasi iko tayari.

Hili ndilo lililonileta. Picha tunazozijua ni zile zile: fimbo, ndala, bahari. Nimekuja kuangalia vijiji, kwa sababu naamini safari hii ilifaulu kwa kazi iliyofanywa huku kabla hajanyanyua mguu.

Kabla ya Nadiad kuna Dabhan. Hapo Gandhi alipokewa kwa heshima, akapita moja kwa moja hadi mtaa wa watu waliotengwa kwa tabaka lao, akateka maji kisimani kwao na kuoga. Wenyeji wa tabaka la juu waliona haya. Ni kitendo kikubwa kwa wakati ule, lakini tusisahau kwamba B. R. Ambedkar, aliyezaliwa katika watu hao, alikuwa amekwishawaongoza maelfu kunywa maji ya bwawa la umma kule Mahad mwaka 1927. Yeye hakungoja mgeni aje kuoga kisimani kwake. Alidai lile bwawa liwe la wote. Tofauti ya wawili hao haikuisha mpaka kufa kwao.

Nadiad walilala kwenye hekalu la Santram, ambalo bado lina watu tele. Sardar Vallabhbhai Patel, mwenzake mkubwa wa Gandhi katika migomo ya Gujarat, alizaliwa mji huu, mwaka 1875.

Jumanne, Anand na Dharmaj

Hapa Gandhi alipumzika, maana Jumatatu zilikuwa siku zake za kunyamaza. Anajibu kwa kuandika kwenye karatasi.

Anand ya leo ni mji wa maziwa. Chama cha ushirika kilichozaa Amul, ile chapa ya maziwa, kilianzishwa mwaka 1946, wakulima wa wilaya hii walipokataa kuiuzia maziwa kampuni iliyowapangia bei. Nani aliwashauri wagome? Patel yule yule. Nimesimama penye kituo cha kukusanyia maziwa, wanawake wamepanga foleni na vibuyu vya chuma. Kila mmoja maziwa yake yanapimwa uzito na mafuta, mashine inatema kikaratasi chenye bei, anakikunja kwenye pindo la sari. Hakuna kelele, hakuna kubembelezana. Ustadi huu wa kukataa kwa pamoja haukuanza na maziwa. Mwaka 1918 wakulima wa Kheda, wilaya ambayo Anand ilikuwa ndani yake wakati ule, waligoma kulipa kodi ya ardhi mavuno yalipoharibika. Mwaka 1923 watu wa Borsad, hatua chache kutoka hapa, waligoma kulipa kodi ya polisi waliyotozwa kwa sababu ya majambazi, na mwanzoni mwa 1924 ikafutwa. Mwaka 1928 wakagoma wa Bardoli, kusini zaidi, waliopandishiwa kodi ya ardhi kwa asilimia 22. Mwisho wakaambiwa walipe nyongeza ya asilimia 6 hivi. Ni Bardoli iliyompa Patel jina la Sardar, yaani kiongozi.

Mchana nilikwenda Dharmaj. Eneo hili la Charotar ndilo lililotoa watu wengi wa jina la Patel waliokuja Afrika Mashariki, na nilikuwa na namba ya simu ya mzee mmoja niliyopewa Mombasa. Nilimkuta barazani juu ya bembea ya mbao, shati jeupe, miwani minene.

"Shikamoo mzee."

Akanyamaza kidogo, kisha akacheka mpaka bembea ikatikisika. "Marahaba! Marahaba! Hii neno mimi hapana sikia miaka mingi."

Alikuwa na duka la vyuma Kampala mpaka mwaka 1972, Amin alipowapa Waasia siku tisini. Alifika hapa na sanduku moja. Kiswahili chake ni kile cha dukani, kimekatika katika, lakini hesabu zote alinipigia kwa Kiswahili bila kukosea. Nilimuuliza kuhusu 1930. Baba yake alikuwa kijana mdogo, akapewa kazi pamoja na wenzake ya kumwagia barabara maji ili vumbi lisiwainukie wageni, na kutandaza majani mabichi. "Yeye hapana ona Gandhi vizuri," alisema. "Ona ndoo tu."

Nikala kwake rotli, viazi vya bizari na mtindi, na nilipoaga akamwita mjukuu wake atafute mfuko. Nikaondoka na chevda ya kutosha kulisha basi zima.

Jumatano, Ras na Mto Mahi

Patel mwenyewe hakutembea kwenda Dandi. Tarehe 7 Machi, siku tano kabla ya safari, alifika hapa Ras kuandaa njia, akakatazwa kuhutubia, akakaidi, akafungwa miezi mitatu. Nafikiri serikali ilidhani imeng'oa mzizi. Kumbe wanakijiji ndio kwanza wakakaza. Baadaye mwaka huo watu wa Ras waligoma kulipa kodi ya ardhi, mashamba yao yakataifishwa na kuuzwa, na wengi walihama na mifugo yao kuvuka mpaka hadi eneo la mfalme wa Baroda, ambako polisi wa Mwingereza hawakuwa na amri. Ukisimama hapa leo unaona tumbaku na migomba, barabara ya lami, na kibao. Si mahali pa kupiga picha nzuri.

Jioni nikafika Kankapura, ukingoni mwa Mahi. Kwa mtu wa Pwani hapa ndipo pa kukaa. Maji ya Ghuba ya Khambhat hujaa na kupwa kwa kimo ambacho sisi wa Kilindini hatukukizoea hata wakati wa bamvua. Yakipwa, unabaki uwanda wa tope la kijivu, laini, linalong'aa. Nilijaribu kukanyaga: mguu ulizama juu kidogo ya kifundo, na kuutoa ni kazi ya mikono miwili. Mvuvi aliyekuwa akishona wavu aliniangalia bila kusema neno, kisha akaniletea kipande cha ubao nisimamie.

Kwenye tope hili, usiku wa tarehe 19 Machi, watu wale walivuka kwenda Kareli. Walingoja maji yajae wapate kutumia mashua, lakini sehemu nyingine walilazimika kutembea matopeni, giza limeshika, wenyeji wa pande zote mbili wakiwa wamewasha taa. Wengine walikuwa wanafunzi. Mdogo wao alikuwa na miaka 16. Walifika upande wa pili usiku wa manane.

Mkondo wa bahari Gandhi alikuwa ameuonja kwetu. Mwaka 1893, akiwa wakili wa miaka 23 njiani kwenda Afrika Kusini, meli yake ilitia nanga Lamu. Akateremka kutembea mjini, akarudi kwa mashua, mkondo ukawa mkali hata mashua ikashindwa kukaa ubavuni mwa meli. Ngazi ilikuwa imekwishapandishwa na meli inaondoka. Nahodha ndiye aliyemwokoa asiachwe. Kutoka hapo walipita Mombasa, kisha Zanzibar. Wazee wangu wa Lamu wanapenda kusema kwamba angeachwa siku ile, India ingekuwa na historia nyingine. Watu wa Lamu huwawezi.

Alhamisi, Jambusar na Bharuch

Siku ya kukaa ndani ya basi. Jambusar, Motilal Nehru na mwanawe Jawaharlal, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa India huru, walikuja kumwona Gandhi wakitoka kwenye kikao cha chama huko Ahmedabad, wakaagana naye. Bharuch kuna Mto Narmada, mpana, na daraja la chuma la Mwingereza la 1881. Nimekula karanga, nimelala mapema.

Ijumaa, Bhatgam na Surat

Nilitoka Surat kwa tuktuk kurudi kaskazini hadi Bhatgam, dereva akiniuliza mara tatu kama nina hakika, maana hakuna mtalii anayekwenda. Nilitaka kuona mahali Gandhi alipowagombeza watu wake mwenyewe.

Ilikuwa tarehe 29 Machi. Umaarufu ulikuwa umekwishaanza kuwaharibu. Maziwa na mboga vililetwa kwa gari kutoka Surat. Usiku, vibarua maskini walibebeshwa taa kubwa za mafuta kichwani kuwamulikia njia, wakihimizwa waende mbio. Gandhi alisimama mbele ya kijiji kizima akauliza kwa haki gani alimwandikia Makamu wa Mfalme kumlaumu kwa mshahara mnono, ikiwa wao nao wanakula kuliko anavyokula mwenye nchi. Alijihesabu na yeye mwenyewe kati ya wakosaji. Kati ya vituo vyote, hiki ndicho nilichokipenda. Ni viongozi wangapi wa kwetu waliowahi kuulizana, hadharani, nani amebeba taa zao?

Bhatgam yenyewe ni miwa, nyumba za matofali, na watoto waliotaka kujua kama kwetu kuna simba. Nikawaambia wako, lakini hawapandi matatu.

Surat ni kitu kingine. Kampuni ya Uhindi Mashariki, ya Waingereza, iliteremka hapa mwanzoni mwa karne ya 17, ikaomba ruhusa ya kufanya biashara kwa adabu zote, na kutoka ghala lile la Surat ikameza nchi. Gandhi alipopita, watu kama 30,000 walijaa. Leo mji ni almasi na vitambaa. Kwenye soko la nguo nilisikia Kiswahili kabla sijauliza bei, akina mama wawili wa Dar wakibishana na muuzaji kuhusu madera. Tukasalimiana. "Kaka, usinunue duka hili, ingia ndani kule," mmoja akanionya. Sikuwa nanunua, lakini nilitii.

Jumamosi, Navsari

Mji wa Waparsi, Wahindi wenye asili ya Uajemi wanaofuata dini ya Zoroaster. Dadabhai Naoroji, mtoto wa familia ya Navsari, alichaguliwa kuingia Bunge la Uingereza mwaka 1892, na ndiye aliyeonyesha kwa hesabu jinsi utajiri wa India ulivyokuwa ukitiririka kwenda London. Barua ya Gandhi kuhusu mshahara wa Makamu ni mjukuu wa hesabu zile. Nimeizunguka mitaa ya zamani, nimekunywa sharubati ya waridi, jioni nikaanza kusogea pwani.

Jumapili, Karadi na Dandi

Dandi walifika tarehe 5 Aprili. Gandhi alilala Saifee Villa, nyumba ya kiongozi wa Mabohora, Syedna Taher Saifuddin, ambaye mwaka 1961 aliitoa kwa taifa. Mabohora ni jirani zetu, kuanzia Lamu hadi Zanzibar, na niliposimama kwenye veranda ile nilijihisi niko Old Town. Ndani kuna picha za ukutani na mlinzi anayekwambia usiguse.

Asubuhi ya tarehe 6 alioga baharini, na saa mbili na nusu akainama akaokota donge la chumvi lenye tope. Inasimuliwa kwamba polisi walikuwa wametangulia kuivuruga chumvi ya ufukweni matopeni. Kando yake alikuwapo Sarojini Naidu, mshairi na kiongozi wa Congress, yule yule aliyekuja Mombasa mwaka 1924 kuongoza mkutano wa Wahindi wa Afrika Mashariki. Kwenye msafara wa miguu Gandhi hakutaka wanawake. Alisema Mwingereza hawezi kuwapiga wanawake, kwa hiyo kuwatanguliza kungekuwa kujificha nyuma yao. Wanawake hawakuikubali hoja hiyo, na wiki hazikupita walikuwa wakichemsha maji ya bahari hadharani mijini na kupelekwa jela.

Kumbukumbu ya taifa iliyofunguliwa hapa mwaka 2019 ni kubwa: mikono miwili ya chuma iliyokutana juu, na sanamu za shaba za wasafiri 80, kwa kuwahesabu na wawili waliojiunga njiani. Kuna mahali unamiminiwa maji ya chumvi kwenye kikaango cha umeme. Yanachemka, yanatoa povu jeupe pembeni, kisha ukoko unabaki unapasuka pasuka kwa sauti ndogo. Unakwangua kwa kijiko, unapewa kwenye kikaratasi. Nimelelewa karibu na mabwawa ya chumvi ya Gongoni, ambako jua ndilo linalofanya kazi na mtu anavuta chumvi kwa reki siku nzima, miguu imechanika. Chumvi ya dakika moja ilinichekesha. Lakini mtoto wa mbele yangu aliilamba akakunja uso, akamwambia mama yake kitu, wakacheka wote. Basi na iwe.

Karadi iko nyuma kidogo, na mimi naiona kubwa kuliko Dandi. Gandhi alihamia hapo kwenye kibanda cha makuti chini ya miti, akaendelea na kazi. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei, hakimu wa wilaya alikuja na askari kama 30 wenye silaha kumkamata mtu aliyelala. Hawakumpeleka mahakamani. Walitumia kanuni ya mwaka 1827 iliyoruhusu kumweka mtu ndani bila kesi, wakampeleka jela ya Yerwada, Pune.

Jumatatu, Dharasana

Kusini zaidi kulikuwa na kiwanda cha chumvi cha serikali. Kabla ya kukamatwa, Gandhi alikuwa ametangaza kwamba atakwenda kukidai. Aliyemrithi, Abbas Tyabji, jaji mstaafu wa miaka 76, alikamatwa njiani. Ndipo Sarojini Naidu akashika uongozi. Tarehe 21 Mei 1930 watu wapatao 2,500 walikwenda kwa safu hadi kwenye uzio, hawakuinua hata mkono kujikinga, wakapigwa virungu vyenye ncha za chuma vichwani. Safu ikianguka, nyingine inakuja. Mwandishi wa Marekani, Webb Miller, aliingia kwenye banda la majeruhi akahesabu 320, wawili walikufa. Taarifa yake ilichapishwa dunia nzima na kusomwa katika Seneti ya Marekani.

Kufikia mwisho wa mwaka ule watu zaidi ya 60,000 walikuwa jela. Machi 1931, Irwin, yule asiyenyimwa usingizi, alikaa na Gandhi wakatia saini makubaliano. Watu wa pwani waliruhusiwa kutengeneza chumvi kwa matumizi yao. Kodi yenyewe haikufutwa mpaka uhuru ulipokuwa mlangoni.

Dharasana kuna mnara wa kumbukumbu na watu wachache. Nilikuwa peke yangu pamoja na fundi aliyekuwa akirekebisha bomba la maji. Nilimuuliza kwa Kihindi changu cha filamu kama wageni huja. Akasema wengi huishia Dandi, kuna lami nzuri na pa kuegesha gari. Huku huja wanafunzi, mara moja moja, na walimu wao huwa na haraka.